Mchezo Mdogo Hauhitaji Jukwaa Kubwa

Kila anayetaka kuendesha mchezo wa uigizaji wa mezani kwa njia ya mtandao hupokelewa na ushauri uleule. Akiuliza atumie programu gani, huambiwa achukue jukwaa kubwa, lenye watu wengi na vitufe vingi, kwa kuwa mengine ni kupoteza wakati. Ushauri huo hutolewa kwa moyo mweupe, na kwa mchezo mmoja unaotawala soko una ukweli wake. Kwa michezo midogo, ile yenye wachezaji wachache waliotawanyika, ni ushauri mbaya. Unawachosha watu kabla hawajaanza kucheza, na ukishawachosha unaugeuza mchezo wao kuwa kitu ambacho hawakukichagua.

Kwa asiyeijua michezo hii, ni kikao cha watu wachache. Mmoja wao, mwongozaji, huisimulia dunia na yanayotokea ndani yake. Waliobaki kila mmoja hubeba mhusika wake na kusema anachofanya, na pale matokeo yasipojulikana dadu huamua. Uliofungua njia ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliochapishwa Marekani mwaka 1974, na mpaka leo ndio mkubwa kuliko yote. Wachezaji walipotengana kwa umbali, zikaja programu za kuwakutanisha: Fantasy Grounds mwaka 2004, Roll20 mwaka 2012, Foundry Virtual Tabletop mwaka 2020. Zinatofautiana kwa bei na kwa namna ya kuzitumia, lakini zinachotoa kinafanana: ramani ya kuwekewa miraba, kete za wahusika juu yake, karatasi za wahusika, dadu za kubofya, na sheria zilizoandikwa ndani ya programu ili kompyuta ifanye hesabu yenyewe.

Wanaotetea jukwaa kubwa wana hoja nne. Wachezaji wako huko. Kompyuta ikifanya hesabu, watu hubaki na hadithi. Chombo chenye uwezo mwingi kinaweza pia kufanya kidogo, kwa hiyo hakuna hasara. Na kikubwa ndicho kitakachodumu. Hizi si hoja za kijinga, na hazifai kujibiwa kwa maneno ya jumla. Nitazipima kwa mchezo halisi, Ars Magica, ambao una wapenzi wa kweli lakini hauwezi kulinganishwa kwa wingi wa watu na ule mkubwa.

Ars Magica ulitungwa na Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, ukachapishwa mwaka 1987 na kampuni yao changa, Lion Rampant. Hadithi zake huwekwa Ulaya ya karne ya 13, kwa kawaida kuanzia mwaka 1220, katika dunia ambamo yale watu wa zama zile waliyoyaamini ni kweli: majini ya misituni yapo, mashetani yapo, na wachawi wasomi huishi pamoja katika ngome zao wakitafuta elimu. Kila mchezaji ana mchawi wake, ana mhusika wa pili asiye mchawi, na kundi zima hugawana watumishi na walinzi wa ngome. Leo mtu huwa mchawi, kesho huwa mlinzi wa lango katika safari ya mchawi wa mwenzake. Hata kiti cha mwongozaji kinaweza kuzunguka, huyu akasimulia msimu huu na yule akasimulia unaofuata. Muda huenda kwa misimu minne ya mwaka, na kila msimu mchawi huchagua kazi moja: kusoma kitabu, kufundisha mwanafunzi, kubuni uchawi mpya katika maabara. Hadithi moja huweza kuchukua miongo ya maisha ya wahusika, na akishavuka miaka 35 mtu huanza kurushiwa dadu za uzee.

Nianze na hoja ya wachezaji. Ni kweli kwamba Roll20 ina wachezaji wengi kuliko chumba chochote cha mazungumzo. Lakini wingi huo ni wa mchezo mwingine. Mwongozaji wa mchezo mdogo hapati watu kwa kutundika tangazo katika orodha iliyojaa Dungeons & Dragons na kungoja wapita njia. Anawapata kwa kumwalika rafiki, binamu, mwenzake wa kazini, mtu anayependa historia au riwaya, na kumwahidi kwamba atamfundisha. Wageni hao wanakuja kwa sababu yake. Wana kazi ya kutosha ya kujifunza mchezo wenyewe, na ukiwadai wajifunze pia programu nzito yenye paneli, matabaka na njia za mkato, umewaongezea somo la pili ambalo hawakuliomba. Wengi watakaoshindwa watashindwa na programu, kisha wataondoka wakidhani mchezo ndio uliowashinda.

Hoja ya hesabu ndiyo yenye mvuto zaidi, kwa hiyo inastahili jibu refu. Katika Dungeons & Dragons shambulio la upanga ni tendo moja linalojirudia: rusha dadu, ongeza nambari, linganisha na kinga ya adui. Hilo hufanyika mara nyingi sana katika jioni moja, na kompyuta ikilibeba inawapumzisha watu kweli. Sasa tazama uchawi wa papo kwa papo katika Ars Magica. Elimu ya wachawi ina vitendo vitano, yaani kuumba, kutambua, kugeuza, kuangamiza na kutawala, na ina maumbo kumi: wanyama, maji, hewa, mwili wa binadamu, mimea, moto, taswira, akili, ardhi, na nguvu za uchawi zenyewe. Ukivioanisha unapata njia 50 za kutenda, na ndani ya kila njia mambo yasiyohesabika.

Mchezaji anasema: nataka mbao za mlango huu zioze. Hapo meza inaanza kuzungumza. Kuangamiza mmea uliokufa ni uchawi wa ngazi gani? Mchawi anaugusa mlango au yuko mbali nao? Anataka mlango mzima au ubao mmoja tu? Kila jibu hupandisha au kushusha ngazi. Wakishakubaliana ndipo hesabu inakuja: ujuzi wake wa kitendo, ujuzi wa umbo, ustahimilivu wa mwili, nguvu ya mahali alipo, na dadu, jumla hugawanywa kwa mbili, na mchawi anajichosha. Asipotaka kujichosha, harushi dadu, na jumla hugawanywa kwa tano. Hesabu yenyewe inaisha haraka kuliko maelezo yake. Kilichochukua muda ni mazungumzo, na mazungumzo hayo ndiyo mchezo. Hakuna kitufe kinachoweza kuyafanya, maana mwandishi wa programu hakujua kwamba leo mtu angetaka kuozesha mlango.

Dadu ya hatari ya mchezo huu ni hivyohivyo. Hurushwa dadu ya pande kumi. Ikija moja, unarusha tena na kuzidisha kwa mbili, na ikija moja tena zidisho linapanda. Ikija sifuri, hesabu ni sifuri na hatari imeingia: mwongozaji anaamua ni dadu ngapi za balaa zirushwe, kwa kupima jinsi mahali na wakati vilivyo vibaya. Mchawi aliyetulia maabarani hapimwi sawa na aliye juu ya paa la kanisa usiku wa mvua. Programu inaweza kurusha dadu hizo, lakini haiwezi kupima mvua. Kwa hiyo inamwuliza mwongozaji, naye anaandika nambari ndani ya kisanduku, kazi ambayo angeimaliza kwa kuitamka tu.

Kuna madhara makubwa zaidi ambayo watetezi wa jukwaa kubwa hawayataji. Katika mchezo mkubwa, kompyuta ikikosea hesabu, mamia ya watu wanaozijua sheria kwa moyo wataona na kulalamika, na kosa litasahihishwa. Katika mchezo mdogo wachezaji wengi ni wanafunzi. Wakikabidhi sheria kwa mashine tangu siku ya kwanza, hawatazijua kamwe, na mashine ikitoa jibu lisilo sahihi hakuna mezani mwenye elimu ya kulishuku. Anayejumlisha kwa mkono katika vikao vya mwanzo anaufahamu mchezo kwa mifupa yake: anajua kwa nini mahali penye nguvu za uchawi panampendelea, anajua ujuzi upi ausome msimu ujao, anajua lini ajichoshe na lini ajizuie. Mchezo wenye watu wachache huendelea kuishi kwa sababu hao wachache wanaujua. Kuwanyima ujuzi huo kwa jina la kuwarahisishia ni kuukata mchezo miguu.

Tuje kwenye dai kwamba chombo kinachoweza mengi kinaweza pia kufanya kidogo. Lingekuwa sawa kama chombo kisingekuwa na matakwa yake. Majukwaa haya yalikua yakiitumikia ramani ya mapigano. Ukiyafungua unakutana na uwanja mtupu unaosubiri kete, na mwongozaji mwenye bidii hujikuta akitafuta picha ya ngome, akipanga kuta, akiweka taa na vivuli, kwa ajili ya mchezo ambao mapigano yake hayahesabu hata mraba mmoja. Jioni aliyopaswa kufikiria ugomvi kati ya askofu na wachawi ameimaliza akichora dari. Wachezaji nao wakiona kete zao uwanjani hufanya kile ambacho uwanja unawaambia wafanye: wanasogea na kupigana. Mchezo wa miaka na vitabu unageuka taratibu kuwa mchezo wa mapanga, na hakuna aliyeketi akaamua iwe hivyo.

Zaidi ya ramani kuna suala la mamlaka. Majukwaa makubwa yamejengwa juu ya wazo la mwongozaji mmoja anayeona kila kitu na wachezaji wanaoona wanachoruhusiwa. Ukitaka kuzungusha kiti cha usimulizi, unampa mwenzako cheo cha mwongozaji, na mara hiyo siri zako zote ziko wazi mbele yake: nani msaliti, nini kimefichwa pangoni, nani atakufa majira ya baridi. Mtindo wa kugawana usimulizi, ambao ni moja ya fahari kuu za Ars Magica, unakuwa mzigo. Hati za pamoja hazina shida hiyo. Kila msimulizi anatunza hati yake ya siri, na daftari la misimu, lenye mstari kwa kila msimu na safu kwa kila mchawi, linabaki wazi kwa wote.

Ipo michezo inayolionyesha hili kwa ukali zaidi. Microscope wa Ben Robbins, uliotoka mwaka 2011, hauna mwongozaji wala hauna dadu: wachezaji huandika kadi za zama na matukio, na pamoja hujenga historia ya ustaarabu mzima. Mahitaji yake ni ubao mtupu wa pamoja wa kubandika kadi. Ukiupeleka kwenye jukwaa lenye injini ya vivuli na orodha ya zamu za mapigano, karibu kila kitu ulichofungua hakina kazi, na kile kimoja unachohitaji, kadi ya kuandika haraka na kuisogeza, unakipata kwa taabu.

Hoja ya nne inasema kikubwa kitadumu. Hapa historia inasema wazi. Mwezi Februari 2025 Wizards of the Coast, wamiliki wa Dungeons & Dragons na kampuni tanzu ya Hasbro, walilifungulia umma jukwaa lao la picha za pande tatu liitwalo Sigil. Mwezi Machi mwaka huohuo wengi wa walioliunda waliachishwa kazi. Mchezo mkubwa kuliko yote, mikononi mwa kampuni tajiri, haukutosha kulihakikishia jukwaa lake miezi miwili ya utulivu. Miaka miwili kabla yake, Januari 2023, kampuni hiyohiyo ilitoa rasimu ya leseni iliyotaka kuamua ni mambo gani meza za mtandaoni ziruhusiwe kufanya na maudhui yake, hata michoro ya uchawi unaoruka kwenye skrini ikakataliwa. Wachezaji walipinga kwa nguvu, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma na kuziweka sheria za msingi chini ya leseni ya Creative Commons. Ushindi huo ulipatikana kwa sababu waliopinga walikuwa wengi. Mchezo mdogo hauna jeshi la namna hiyo.

Foundry inasifiwa kwa haki kwa kulipiwa mara moja tu na kwa kumtoza mwenyeji peke yake, si wachezaji wote. Inasifiwa pia kwa kuwa watu wa kujitolea wameiandikia mamia ya michezo, Ars Magica ukiwemo. Wanaofanya kazi hiyo nawaheshimu, na ndiyo maana sitaki kuona meza nzima imewategemea wao peke yao. Toleo la 10 la Foundry, la mwaka 2022, lilibadilisha muundo wa data kiasi kwamba waandishi wa mifumo na moduli walilazimika kuandika upya sehemu za kazi zao. Mchezo wenye timu inayolipwa huvuka mabadiliko kama hayo haraka. Mchezo unaotegemea jioni za mtu mwenye familia na ajira huvuka anapopata nafasi, na mpaka hapo meza yako inangoja au inabaki na toleo la zamani.

Linganisha na namna Ars Magica wenyewe ulivyodumu. Kutoka Lion Rampant ulikwenda White Wolf, ukapita Wizards of the Coast, ukafika Atlas Games, waliochapisha toleo la tano mwaka 2004. Umebadilisha wamiliki na haukufa, kwa sababu ulikuwa ndani ya vitabu na ndani ya vichwa vya wachezaji. Kucheza kwa mbali nako hakukuanza na skrini. Mchezo wa Diplomacy ulikuwa ukichezwa kwa barua za posta tangu mwaka 1963. Karatasi, stempu na watu wanaozijua sheria vilitosha.

Kwa wachezaji wa Kiswahili kuna uzito wa ziada, nao ni gharama. Foundry ikikaa kwenye kompyuta ya mwenyeji, kila ramani na kila picha hupakuliwa na kila mchezaji kutoka kwenye intaneti ya mwenyeji huyo. Umeme ukikatika kwake, meza nzima imefungwa. Watoa huduma wengi wa intaneti ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, hivyo seva ya nyumbani haifikiki kutoka nje bila kukodi nafasi mahali pengine. Foundry haikutengenezwa kwa skrini ya simu, ilhali simu ndiyo kompyuta pekee ya watu wengi wa kwetu. Gumzo la sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango cha kawaida cha programu ya mazungumzo ya Discord, hula kama megabaiti 29 kwa saa kwa sauti moja inayosikika. Ramani moja yenye michoro inayosogea inaweza kuzidi hapo kabla mtu hajasema neno. Fikiria meza ya ndugu walioko Mombasa, Muscat na Toronto. Saa za kukutana pamoja ni chache. Kwa daftari la pamoja kila mmoja anajaza msimu wa mchawi wake kwa wakati wake, kwenye simu, akiwa safarini, na saa za kukutana zinabaki kwa hadithi.

Sisemi kwamba kila mchezo mdogo unafaa kuchezwa kwa sauti na hati peke yake. Lancer, mchezo wa mitambo mikubwa ya kivita, ni mdogo kwa idadi ya wachezaji lakini mapigano yake hupimwa kwa vigae vya pembe sita vya uwanja, silaha zina masafa, joto la mtambo huhesabiwa kila zamu. Huko ramani na hesabu ya mashine ni msaada wa kweli, na anayeuendesha juu ya Foundry anafanya busara. Kinachomfanya awe na busara ni kwamba mchezo wenyewe ndio ulioomba ramani. Umaarufu wa jukwaa haukuwa na sauti katika uamuzi huo, na haupaswi kuwa nayo.

Wapo watakaonijibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Watasema acha kuchagua, chukua lililo karibu ulime. Methali ni ya kweli kwa anayekwepa shamba. Lakini hakuna mkulima anayeingia jaruba la mpunga na chombo cha kuvunjia mawe kwa kuwa tu ndicho kinachouzwa sana sokoni. Anaujua udongo wake kwanza. Anayechukua jukwaa kubwa bila kuuliza mchezo wake unafanya nini ndiye aliyeacha kulima, maana majuma yatakayofuata atayatumia kuhudumia chombo.

Basi wewe unayetaka kuuanzisha mchezo wako mdogo, fungua kitabu chake kabla hujafungua programu yoyote. Andika mambo matatu ambayo wachezaji watayafanya mara nyingi zaidi katika kikao kimoja. Kama ni kuzungumza na kukubaliana, tafuta sauti safi. Kama ni kutunza kumbukumbu za miaka, tafuta daftari la pamoja. Kama ni kusogea na kupiga, tafuta ramani, na Owlbear Rodeo itakupa ramani ndani ya kivinjari bila kukulazimisha uweke sheria za mchezo ndani yake. Cheza hivyo mpaka kundi lako lizijue sheria bila kuuliza. Baada ya hapo, likitokea jambo moja linalowachosha kweli, ongeza chombo kwa ajili ya jambo hilo peke yake. Na usikubali mtu yeyote akwambie kwamba meza ya sauti, dadu na daftari ni meza ya maskini au ya wasiojua. Kwa mchezo wenye watu wachache, hiyo ndiyo meza itakayokuwepo mwaka kesho.